Mtu wa Kwanza Kusema

Mratibu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwake mimi nilikuwa Kakuma, mji niliotoka. Afisa mmoja wa elimu aliyekaribia kustaafu, mkubwa wetu sote darasani kwa umri, alikuwa Lowarengak, kwa kuwa alizaliwa kule kando ya Ziwa Turkana. Kijana wa benki alikuwa Lokichar. Aliyemtatiza kidogo ni Yohana, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyefundisha shule moja ya kambini, maana naye alitoka Kakuma. Mratibu alikuna kidevu, akafikiri, akaamua kwamba mimi niwe Kakuma Mjini na Yohana awe Kakuma Kambi. Darasa zima lilicheka. Yohana naye alicheka, ila si sana.

Majina yetu ya kweli yalikuwa kazi ya karani wake, mama aliyekaa chumba cha mbele penye feni. Mratibu alisema kichwa chake kimejaa mambo makubwa, hakina nafasi ya majina. Basi nami nitamwita kwa kazi yake tu. Msidhani ni heshima. Nimeona nimtendee kama alivyotutendea.

Kazi yenyewe ilikuwa kusimamia kituo kidogo cha masomo mjini Lodwar, kilichoendeshwa na chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Mwaka wa 2012 walifungua darasa la uzamili la mifumo ya habari za biashara. Tulikuwa watu wazima wenye kazi zetu, na tulisoma Ijumaa jioni, Jumamosi kutwa na Jumapili baada ya ibada. Mimi nilifanya kazi kambini Kakuma, katika shirika moja, nikiingiza kwenye kompyuta habari za wakimbizi waliokuwa wakiwasili. Kila Ijumaa niliomba ruhusa mapema, nikangoja magari yaondoke pamoja na askari wa kusindikiza kwa sababu ya majambazi, nikafika Lodwar na vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa na sababu ya kujitesa hivyo. Mkubwa wangu kazini alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba nikimaliza shahada hiyo nikiwa nimebobea katika usimamizi wa data, nafasi ya afisa wa data ni yangu. Nafasi hiyo siku zote ilikuwa ya watu wa kutoka Kenya. Sisi wa Turkana tukisema Kenya tunamaanisha kule ng'ambo ya Kitale, na anayetaka kucheka na acheke.

Mratibu alikuwa wa kutoka Kenya. Alikuja Lodwar na mashati meupe, na mashati hayo sikuwahi kuyaona yamechafuka. Mji wote ukipigwa na upepo wa mchana, ule unaobeba mchanga wa mto Turkwel na mifuko ya plastiki na kila kitu kisichofungwa, yeye alitokea ofisini akiwa kama ametoka kwa dobi sasa hivi. Alitembea na leso mbili, moja ya uso na moja ya viti. Kabla ya kuketi alipangusa kiti, akakitazama, akakipangusa tena. Lakini gari lake lilikuwa jalala. Humo mlikuwa na chupa za maji, maganda ya njugu, mitihani ya zamani, kiatu kimoja cha mvua. Nilipomuuliza kuhusu kile kiatu alisema kuwa mwenzake yuko Kitale.

Alikuwa na neno lake. "Mwenye kuchagua ni wewe." Alilisema darasani, alilisema kwenye simu, alilisema hata hotelini. Hotelini ndiko ungemjua vizuri. Alitupeleka chakula cha mchana siku moja, sisi wachache tuliotoka mbali, akamgeukia kila mmoja wetu kwa upole kabisa.

"Kakuma, unakula nini? Mwenye kuchagua ni wewe."

Nilifungua mdomo niseme maharagwe na chapati. Kabla sijasema, alikuwa amemwita mhudumu.

"Leta mbuzi wa kukaanga na ugali kwa watu wote."

Kisha akatuangalia, amefurahi kweli. "Nimewaona mnataka mbuzi," alisema. Na mbuzi alikuwa mtamu, siwezi kukataa. Tulikula tukanyamaza.

Kunyamaza ndiyo ilikuwa tabia yetu, nalo hilo alilisoma upesi kuliko alivyosoma kitu kingine chochote cha kwetu. Kila muhula aliahidi safari ya darasa kwenda Eliye Springs. Alizieleza zile chemchemi na ule ufuo kama mtu aliyeoga hapo jana. Siku moja Mzee Lowarengak alimuuliza, kwa adabu tu, maji ya ziwa aliyaonaje mdomoni.

"Matamu!" alisema Mratibu. "Matamu sana, Mzee."

Maji ya ziwa letu yana magadi. Mtoto yeyote wa Turkana anajua, hata ambaye hajalifikia. Nilimtazama Mzee, aliyekulia kwenye maji hayo akivua na kuchunga mbuzi, nikangoja amsahihishe. Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Vizuri, vizuri." Hakutaka kumwaibisha mgeni mbele ya watu. Nasi, kwa kuwa Mzee hakusema, hatukusema. Mratibu aliendelea na habari zake za ziwa ambalo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa hajawahi kuliona.

Ningependa kueleza kwamba alikuwa mbaya mwanzo mpaka mwisho. Ingenirahisishia kazi. Lakini kuna lile la Yohana. Mkimbizi hatoki kambini bila karatasi ya ruhusa, na mtihani wa kwanza ulipokaribia, karatasi ya Yohana ilichelewa. Siku ya mtihani sisi tulikuwa Lodwar na yeye yuko Kakuma anazunguka ofisi na ofisi. Mratibu aliambiwa. Alitusimamia sisi hadi tukamaliza, akaingia kwenye lile jalala lake na bahasha ya mtihani, akaenda Kakuma bila kungoja askari wa kusindikiza. Kesho yake asubuhi alimkalisha Yohana kwenye darasa tupu la shule anayofundisha, akakaa naye muda wote. Yohana alinisimulia mwenyewe.

"Huyu mwalimu yeye anatoa soda kwa mfuko," alisema, "ananiambia kunywa kwanza, kichwa ipoe, ndio uandike. Wallahi mimi nataka kulia."

Yohana ni Mkristo wa kanisa kila Jumapili, lakini wallahi na khalas alikuwa nazo mdomoni kutoka Juba. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia mtu akimsema Mratibu vibaya. Hata mambo yalipoharibika, na hakuna aliyeharibikiwa kumshinda yeye, alikuwa akinikatiza: "Dada, wacha. Ile soda mimi sijasahau."

Sasa nieleze mambo yalivyoharibika.

Mwaka wa kwanza wote tulisoma masomo yaleyale. Kabla ya mwaka wa pili kuanza, kila mtu alitakiwa kuchagua mchepuo wake wa kubobea. Kwenye kijitabu cha chuo michepuo ilijaa kurasa nzima: usimamizi wa data, usalama wa mifumo, ukaguzi wa mifumo, biashara ya mtandaoni, mifumo ya sekta ya nishati. Nilikisoma kijitabu hicho kitandani kwangu Kakuma hadi kikaanza kuachana. Lakini kwa Lodwar kulikuwa na sharti. Nairobi haikutuma mwalimu kufundisha watu wawili watatu. Mchepuo ungefunguliwa Lodwar iwapo tu darasa zima lingekubaliana juu ya mmoja. Atakayetaka mwingine angefuata mwalimu huko Nairobi.

Sharti hilo sikulilaumu, lina maana yake. Ila lilimaanisha kwamba mchepuo wangu ulikuwa mikononi mwa watu wengine. Mimi Nairobi nisingeweza kwenda. Kazi yangu ilikuwa Kakuma, mama yangu mgonjwa alikuwa Kakuma, mtoto wangu alikuwa hajaanza shule. Yohana ndiyo kabisa, maana hata Lodwar alikuja kwa karatasi, Nairobi angeiota tu. Tukichagua mchepuo ambao mwalimu wake atafika Lodwar, tunamaliza. La sivyo, basi.

Na mwaka huohuo wa 2012 mafuta yalikuwa yamepatikana Turkana. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakuwepo. Lodwar iliingiwa na wazimu. Vyumba vya kulala wageni vilijaa watu wenye viatu vizito, wenye hoteli wakapandisha kila kitu, vijana walioacha shule wakarudi kununua kalamu. Mratibu naye alishikwa na homa hiyo. Kila mfano wake ukawa wa kisima. Ukimuuliza juu ya jedwali la data, anakuchorea bomba.

"Mifumo ya nishati," alituambia. "Miaka michache tu, kampuni zote zitakuwa hapa. Zitamtafuta nani? Mtu wa hapa, mwenye shahada ya hapa. Lakini mwenye kuchagua ni wewe."

Nilimfuata ofisini nikamwambia kwamba tunaotoka Kakuma tunahitaji data. Nikamweleza habari ya ile nafasi kazini. Alinisikiliza vizuri, mikono kifuani.

"Na mwalimu wa nishati yuko?" nilimuuliza.

"Atapatikana."

"Wa data je?"

"Wa data yuko tayari," alisema, bila kuona haya. "Ndiyo maana nakwambia, Kakuma, data kila mtu anayo. Usiwe na haraka ya kitu kidogo."

Nilitoka pale nikiwa na matumaini, jambo linaloniudhi hadi leo. Nilidhani darasa likikaa na kuongea, mtu atauliza swali hilohilo mbele ya wote, na jibu hilo litatosha.

Mratibu alipenda sana mikutano ya kwetu. Alikuwa amealikwa mara kadhaa vijijini, akaona jinsi wazee wanavyokaa nusu duara, mkubwa kwa umri akianzia upande mmoja hadi mdogo upande wa pili, na mkubwa akasema kwanza, na wengine wakafuata kwa zamu. Alirudi akitusimulia kana kwamba sisi ndio wageni. "Huku watu hawapigi kura," alisema, "huku watu wanasikilizana." Kuna alichokiona na kuna ambacho hakukisema. Mkubwa akishataja jambo, mdogo anaweza kuongeza, anaweza kulizunguka, lakini hamwambii mbele ya watu kwamba amekosea. Wazee wetu wanalijua hilo, ndiyo maana mkubwa mwenye akili huzungumza muda mrefu bila kutaja anachotaka, apate kwanza kusikia wengine. Ni ustadi. Mratibu aliuchukua mkutano akauacha ustadi.

Siku ya kuchagua tuliingia darasani tukakuta madawati yamesukumwa ukutani na viti vimepangwa nusu duara. Mratibu mwenyewe alikuwa amevipangusa. Alituketisha kwa umri, akitania, akimuuliza huyu na yule kama ameshaota mvi. Mwisho upande wa kushoto alikaa Mzee Lowarengak. Mimi nilikuwa katikati. Yohana alikuwa karibu na mwisho wa kulia.

"Leo sitasema neno," Mratibu alisema. "Mambo ni yenu. Mzee, tufungulie."

Mzee alisimama. Alivaa koti licha ya joto lile. Alisalimu, "Ejok," tukaitika, "Ejok nooi." Alishukuru chuo, alimshukuru Mratibu, alisema watoto wa Turkana wamekuwa wa mwisho katika kila foleni. Kisha akasema kwa maoni yake mifumo ya nishati ingefaa, kwa sababu mafuta ni yetu na itakuwa aibu wengine wayahesabu na sisi tupo. Akaketi.

Aliyemfuata alisimama, akasema, "Naunga mkono Mzee aliyetangulia." Wa tatu akasema hivyohivyo. Lokichar, ambaye wiki nzima alikuwa akiniambia kwenye simu kwamba nishati ni upuzi na benki yake inataka watu wa usalama wa mifumo, alisimama akakohoa, akasema naye anaunga mkono. Ilipofika zamu yangu nilikuwa na maneno yangu yamejaa kinywani. Nilisimama, nikasema namheshimu Mzee, lakini naomba tuulize kwanza mwalimu wa nishati atatoka wapi, kwa sababu wa data yuko.

Kiti kimoja kililia. Watu waliangalia viatu vyao, na mama mmoja wa idara ya afya aliyekaa karibu nami akanivuta sketi, niketi. Mratibu alitabasamu.

"Swali zuri sana," alisema. "Tutalijibu mwishoni. Anayefuata?"

Anayefuata aliunga mkono Mzee. Yohana alisimama, akatazama upande wangu, kisha upande wa Mzee, akasema, "Mimi hapa ni mgeni. Kile wazee wamesema, khalas." Swali langu halikujibiwa mwishoni wala siku nyingine yoyote. Nilimchukia Mratibu siku ile. Nasema wazi, nilimchukia, na nilipofika kwangu Kakuma nilikitupa kile kijitabu.

Kwenye gari tukirudi nilimuuliza Yohana kwa nini.

"Dada, mimi nataka ile ya data kama wewe," alisema. "Lakini mzee ameshaongea. Mimi mkimbizi nasimama namwambia mzee wa hapa hapana? Kesho karatasi yangu nani atanisaidia?"

Alisema kweli.

Mwaka uliofuata, 2013, ukawa mwaka wa uchaguzi na serikali za kaunti. Nusu ya darasa ilikuwa inatafuta vyeo vipya, na Mratibu pia. Alianza kuvaa tai. Kila alipokutana na mtu aliyesemekana yuko karibu na wakubwa, alimweleza kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa darasa la kwanza la mifumo ya nishati katika kaunti nzima. Hapo ndipo nilipoelewa homa yake ilitoka wapi. Cheo hakupata. Waliokipata walikuwa watu waliojuana vizuri zaidi.

Na mwalimu wa nishati hakupatikana. Barua ilibandikwa mlangoni kwamba mchepuo wetu utafundishwa Nairobi, mchana, siku za kazi. Anayetaka kubadilisha mchepuo alikuwa huru, ila aunde darasa jipya au angoje litakapofunguliwa. Watu wa serikali walioweza kuomba likizo ya masomo waliomba, wakaenda. Lokichar benki yake ilimhamisha. Mimi nilirudi kambini kuandika majina ya watu waliovuka mpaka, na Yohana akarudi shuleni kwake. Nafasi ya afisa wa data ilichukuliwa na kijana mmoja mpole kutoka Kenya, aliyebobea katika usimamizi wa data. Alinisalimu kwa heshima siku yake ya kwanza akaniomba nimwonyeshe jinsi mfumo unavyofanya kazi. Nilimwonyesha. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikaendelea kumwonyesha.

Mzee Lowarengak hakwenda Nairobi. Alisema miguu yake imechoka na Kenya. Nilikutana naye Lodwar, nje ya duka la dawa, naye ndiye aliyeanza kuyazungumza.

"Mama, ile siku," aliniambia, "huyu mwalimu alikuja kwangu kabla. Akasema, Mzee, wewe fungua tu, sema chochote, hii ni chuo kikuu, hawa watoto wamesoma, watakupinga. Mimi nikasema sawa. Nikasema ile ya mafuta. Nikakaa, nikangoja mtu anipinge." Alitikisa kichwa. "Wewe peke yako uliuliza. Nikasema moyoni, hawa wengine watamfuata. Hakuna."

"Mbona hukusimama tena, Mzee?"

"Nisimame nijipinge mwenyewe?"

Alinitazama kwa macho yaliyochoka, akaniuliza hali ya mama yangu. Sikumlaumu. Lawama zote nilizokuwa nazo nilikuwa nimeshampa mtu mmoja.

Mtu huyo nilimwona tena mwishoni mwa mwaka, Kakuma. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, mto Tarach ukafurika, ukafunga njia, na ulipopungua yeye alikuwa wa kwanza kuvuka. Alikuja kazini kwetu akaniulizia kwa jina la Kakuma. Mlinzi alimwambia kwamba hapa sote ni Kakuma. Alinieleza kwa sura na umbo hadi nikapatikana.

Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa jeupe, lakini kola ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya. Tai haikuwepo.

"Kakuma! Ejok?"

"Ejok nooi, Mwalimu."

Alipangusa kiti cha wageni, akaketi, akaniambia habari yake bila kupoteza wakati. Chuo kinataka kufungua darasa hapahapa Kakuma. Watu wa kambini hawatahitaji karatasi ya kwenda Lodwar. Mchepuo ni usimamizi wa data, na safari hii mwalimu yuko. Watu wakitosha, Nairobi itakubali. Wasipotosha, atafunga kituo na kurudi kwao.

"Na wewe nimeshakuombea," alisema, akishusha sauti. "Utaingia moja kwa moja mwaka wa pili. Wameshanikubalia. Nilipigania sana jina lako."

Sitaki kujifanya shujaa, mlango nilioulilia chooni ulikuwa umefunguliwa mbele yangu. Alisema kesho alasiri kutakuwa na mkutano katika ukumbi wa kanisa, nije.

Nilikwenda. Walikuwa walimu wa kambini, wauguzi, makarani wa mashirika, Yohana naye. Viti vilikuwa vimepangwa nusu duara. Niliposimama mlangoni, Mratibu alinishika mkono kwa heshima akanipeleka mwisho wa kushoto, akaniketisha hapo. Nilitazama wenzangu. Wengi walikuwa vijana wa juzi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

"Mambo ni yenu," alisema. "Mimi leo sisemi neno. Huyu mama alikuwa darasa langu la kwanza. Mama, tufungulie."

Nilielewa wakati huohuo. Alijua nilichokitaka tangu ule mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe ofisini kwake. Hakuhitaji kuja nyumbani kwangu kunipanga. Nilikuwa nimeshapangwa. Ningesema data, wote wangesema data, darasa lingefunguliwa nami ningemaliza shahada yangu, kila kitu sawa.

Nilisimama. Niliwaambia kwamba mimi sitataja mchepuo. Nikasema kila mtu hapa ana kazi yake na nyumba yake, kwa hiyo kila mtu aseme anachotaka yeye. Na kabla hajasema, amuulize Mratibu mwalimu ni nani, atafika lini, na asipofika itakuwaje. Nikasema sisi wa kwanza hatukuulizana, na wengi wetu hatukumaliza. Niliketi nikiwa nimelowa jasho, na nilijivuna kidogo, nikasubiri.

Muuguzi aliyekuwa kando yangu alisimama. "Naunga mkono mama aliyetangulia," alisema, akaketi.

Wa pili akasimama. "Hata mimi naunga mama."

"Mathe ameongea poa," kijana mmoja akasema. "Niko na yeye."

Zamu ikazunguka. Niliwatazama mmoja mmoja, nikimngojea mtu mmoja tu aseme usalama, au ukaguzi, au biashara, au amuulize Mratibu swali moja. Wote waliniunga mkono. Ilipofika kwa Yohana nilimkazia macho. Alisimama, akazungusha kofia yake mikononi.

"Dada yangu amesema vizuri," alisema. "Mimi naunga yeye."

Akaketi. Mratibu alisubiri kidogo, kwa adabu, kama kuna mwenye neno zaidi. Kisha alisema kwa kuwa hakuna aliyetaja mchepuo mwingine, basi tutaanza na data. Watu walipiga makofi. Walinigeukia mimi wakapiga makofi.

Walipokuwa wakitoka alibaki nami, akikusanya viti.

"Umeona sasa?" alisema. Hakuwa ananicheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Wewe umekuwa ukinilaumu, nilisikia. Mimi sikuwachagulia kitu siku ile, Kakuma. Nilichagua mtu wa kuanza tu."

Alitoa leso, akapangusa meza, akatandaza karatasi juu yake na kufungua kalamu.

"Haya," alisema, "nipe jina lako kamili. Nairobi wanalitaka."

Ndipo nilipojua kwamba hakuwa ameniombea kitu popote, maana huwezi kumpigania mtu usiyemjua jina. Alingoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi, uso wake mwema kama siku ile ya mbuzi. Nje Yohana alikuwa akinisubiri twende.

Nilimtajia, herufi moja baada ya nyingine, naye akaandika.